Tonge la Kuonja

Kidonda kilianza kama lengelenge la kiatu. Nilikuwa nimetembea kutoka barabara kuu hadi kwa mshonaji mmoja wa Karusandara ambaye cherehani yake ilikuwa imegoma, na viatu vyangu vilikuwa vipya. Lengelenge likapasuka, nikafunga kitambaa, nikaendelea na safari. Kwa mtu wa kazi yangu, kidole cha mguu hakisimamishi siku. Lakini kidole kile hakikufunga. Mvua zilikuja zikapita, watu wakachuma kahawa wakaanika wakauza, nacho bado kilikuwa kinatoa maji.

Tabibu wa kituo cha afya nilichokwenda Bwera alikuwa kijana, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. Alinichoma ncha ya kidole cha mkono, akatazama kijimashine chake, akaniuliza huwa ninakula nini. Nikacheka. Akauliza tena, yeye hacheki.

"Mzee," alisema, ingawa sikuwa mzee, "sukari iko juu sana. Ukiendelea hivi tutaanza na kidole, halafu mguu. Kazi yako ni gani?"

"Natembea. Natengeneza cherehani, nyumba kwa nyumba."

"Basi chagua. Chakula au kutembea."

Alisema hivyo kisha akamwita mgonjwa mwingine. Nikatoka nje, nikasimama penye jua, na jambo la kwanza nililofanya, kabla sijafikiri, lilikuwa kununua soda.

Nataka kueleza jinsi nilivyokuwa nakula, kwa sababu mtu wa mbali anaweza kudhani nilikuwa mlafi tu. Nimezunguka nchi hii tangu nilipoacha shule ya sekondari. Kasese mjini, Kilembe, Katunguru, Bwera, na ng'ambo ya mto Lubiriha hadi Beni, kule Kongo, siku ambazo barabara ilikuwa na amani. Mfuko wangu una bisibisi, mafuta, sindano, mikanda na bobini za kila aina. Popote penye cherehani kuna mwanamke au mwanamume anayenijua, na kila anayenijua ananilisha. Huku kwetu mgeni haulizwi kama amekula. Kumuuliza ni kumwomba aseme ndiyo. Analetewa maji ya kunawa, na maji yakishaletwa hakuna maneno tena. Mwenye nyumba anamega tonge la kwanza, analichovya kwenye mchuzi, analimeza mbele ya mgeni, ili aone kwamba chakula hakina kitu ndani. Kuanzia hapo sahani ni ya mgeni, na mgeni anaimaliza. Akiiacha, amesema neno bila kufungua mdomo. Watu wa huku wanaogopa kulishwa sumu kuliko wanavyoogopa risasi, na risasi wamezisikia. Kuacha chakula cha mtu ni kumwambia: nakushuku.

Nami nilikuwa mtu wa kwenda na kurudi, anayelala ng'ambo, ambaye hana hata mti mmoja wa kahawa. Mtu wa namna hiyo hupimwa zaidi. Kwa hiyo nilimaliza. Nilimaliza bundu, huo ugali wetu wa muhogo unaovutika kama mpira, kwa mshonaji wa kwanza saa nne. Nikamaliza matoke, ndizi za kupondwa, kwa wa pili mchana. Nikafika kwa wa tatu na tumbo limekaza kama ngoma, nikanawa tena mikono.

Dada yangu anaishi Bwera, juu kidogo ya barabara iendayo mpakani. Ndiye aliyenilea. Mama aliugua mara tu baada ya kunizaa, na dada, ambaye wakati huo alikuwa msichana tu, alinibeba mgongoni katika zile nyumba za mgodi kule Kilembe, ambako tulikipata Kiswahili kwa sababu wafanyakazi walitoka kila upande. Binti yake wa mwisho alikuwa anasomea uuguzi Kasese mjini, amepanga chumba karibu na reli iliyokufa. Nikiwa Kasese nilikuwa nafikia kwake, nalala kwenye mkeka karibu na mlango. Yeye peke yake nilimwambia habari ya sukari, na nikamwapisha asimwambie mama yake. Dada yangu alikuwa amemzika mumewe mwaka uliopita. Sikutaka kumpelekea mguu wangu.

Mpwa wangu alifurahi kwa namna ambayo haikunipendeza. Walikuwa wanafundishwa somo la haiba ya binadamu, kwa nini mtu huyu yuko hivi na yule yuko vile, na mwalimu alikuwa amewapa kazi ya kueleza ulaji mbaya kwa kufuata nadharia mbalimbali.

"Mjomba, wewe ni zawadi," alisema. "Wenzangu wanatafuta mgonjwa, mimi wangu analala mlangoni."

"Zawadi haikojoi usiku kucha."

"Kaa basi. Ulinyonya mpaka umri gani?"

Nilikuwa navua kiatu. Nilimtazama. Joto la Kasese lilikuwa limejaa chumbani na yeye ameketi kitandani, kalamu mkononi, mzito kama hakimu. Aliniambia kuna wataalamu wa zamani waliosema haiba inaanzia mdomoni. Mtoto akinyimwa titi, au akiachishwa vibaya, mdomo wake unabaki na njaa hata tumbo likishiba. Akikua atakula hovyo, au atavuta sigara, au atatafuna kucha.

"Au ataongea sana," aliongeza.

"Huyo ni mama yako, na yeye alinyonya vizuri."

Tulicheka. Lakini nadharia ile nilienda nayo Kilembe, kwani kesho yake nilikuwa na kazi huko. Nyumba tulimozaliwa haipo tena. Mto Nyamwamba uliamka ukaichukua pamoja na nyingine za mstari ule, ukaacha mawe makubwa yaliyolala mahali tulipokuwa tunaanika nguo. Nilikaa juu ya jiwe moja, nadhani palikuwa jikoni, nikajaribu kuikumbuka njaa ya mdomo wangu. Sikukumbuka chochote, nani anakumbuka titi? Nilichokumbuka ni kijana wa nyumba ya pili, aliyefiwa na mama siku alipozaliwa. Alilelewa kwa uji mwepesi, na leo ni mwembamba kama ufagio, anakula mara moja kwa siku na hata hiyo anasahau. Kwa hiyo mdomo peke yake haukutosha.

Kitu kingine ndicho kilichonijia pale juu ya jiwe. Sukari. Tulipokuwa wadogo sukari ilikuwa adimu nchi nzima. Watu walipanga foleni, na aliyepata kilo aliificha chini ya kitanda kama bunduki. Dada alikuwa na kikopo. Nikiteka maji bila kumwaga, nikichomwa sindano bila kulia, nikifaulu hesabu, aliniita, akanifungua kiganja, akamwaga chembe chache katikati. Nililamba moja moja. Nilikuwa nafunga kiganja na kukifungua ili nione kama bado zipo.

Niliporudi nikamsimulia mpwa wangu, naye akaruka kutoka kitandani.

"Hiyo ndiyo nyingine! Hiyo ni ya wale wa kujifunza kwa tuzo." Akaeleza kwamba kwa hao, haiba ni mazoea yaliyorundikana tu. Ukifanya jambo ukapewa kitamu, utalirudia, na mwili utajua njia bila kukuuliza. "Mjomba, ukimaliza kutengeneza mashine, unafanya nini?"

Nikimaliza, nalizungusha gurudumu, mwenyewe anakanyaga pedali, sindano inapanda na kushuka, nasi wote tunatabasamu. Halafu nanunua soda. Kila mara. Nilikuwa nimedhani ni kiu.

Nilijaribu. Niliposhona kipande cha majaribio kwa mama mmoja wa Katunguru, mashine ikaimba vizuri, nikaondoka haraka kabla mkono haujajua. Nikafika pale darajani ambapo wanakaanga samaki, madereva wa malori wamekaa kwenye mabenchi, kila mmoja na sahani yake ya chipsi na samaki anayetoa mafuta, na soda juu. Mmoja aliniona.

"Fundi! Kaa hapa. Leo umefanya kazi au umefanya ziara?"

"Nimeshakula."

"Wee! Mwanamume anayesema ameshakula ameoa juzi." Wenzake wakacheka, mmoja akasogea kunipa nafasi. Nikakaa. Nilipomaliza sahani sikukumbuka ladha yake.

Mpwa wangu alikuwa na la kusema hata juu ya hilo. Kuna wanaosema tunakuwa watu kwa kutazama watu. Tunakula kama meza tunayokaa. Na juu ya hapo, walisema hao, yote yanategemea kama mtu anaamini anaweza. "Uliwahi kujiambia utaacha kitu, ukaacha?" aliniuliza. Niliwahi kuacha shule, kuacha mke, kuacha nyumba ya kupanga Butembo na kila kilichokuwa ndani. Kuacha najua. Lakini si kuacha kwa namna aliyoiuliza yeye.

Kulikuwa pia na wale wa kupima. Hao wanasema kila mtu amezaliwa na vipimo vyake: utaratibu, wasiwasi, uchangamfu, upole, na hamu ya vitu vipya. Akanisomea maswali, mimi nikajibu nimelala chali na mguu juu ya mfuko wa nguo. Je, napanga siku yangu mapema? Je, nachoka haraka na mahali pamoja? Mwishoni alijumlisha akaniambia kwamba nina hamu kubwa ya mapya na utaratibu mdogo sana, na watu wa hivyo hula wanachokikuta njiani.

"Sawa," nilisema. "Umemwambia mbuzi kwamba ni mbuzi. Sasa mbuzi afanyeje?"

"Hiyo haimo kwenye swali, mjomba."

Wakati huo kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi pembeni. Nilipewa vidonge, nilivimeza, lakini tabibu alikuwa ameniambia vidonge haviwezi kushindana na sahani. Nadharia za mpwa wangu nazo zilikuwa kama nyumba nilizopita: kila moja niliingia, nikakaa, nikakuta kitu changu mezani, halafu nikatoka na mfuko wangu uleule.

Ya mwisho aliisema bila kalamu. Alikuwa anapepeta mchele mlangoni, mimi nimeketi kwenye kigoda. Alisema kuna wanaoamini mtu anakula vibaya anapotafuta kitu kingine kisicho chakula. Kila mtu anataka kuwa wa mahali fulani, apokelewe, aambiwe huyu ni wetu. Akikosa, anachukua kilicho karibu.

"Labda wewe," alisema, akipuliza makapi, "unakula ili wasikuite mgeni."

Nikainuka nikaenda kuangalia kama maji yamechemka, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Baada ya hapo nilifanya kosa. Nilianza kukwepa. Nyumba za washonaji nilifika baada ya chakula na kuondoka kabla ya chakula, na huko iliwezekana, maana ni kazi. Kwa dada yangu ilikuwa vigumu zaidi. Nilipofika Bwera nilipitia kwanza kwenye soko la mpakani, kwa mama mmoja Mkongo kutoka upande wa Butembo, ambaye anapika maharage na mboga chini ya turubai. Kwake naweza kusema nataka kidogo, bila bundu, naye hana haki ya kuumia kwa sababu mimi ni mteja tu. Nikishakula hapo, napanda kwa dada na kumwambia tumbo limechafuka. Au nimefunga na kuomba. Au nimetoka kula kwa mchungaji.

Yule mama Mkongo alinishtukia kabla ya mtu yeyote.

"Weye fundi, dada yako iko hapa juu, na unakuya kula kwangu kila siku. Juu ya nini?"

"Chakula chako kitamu."

"Bongo hiyo." Kwao bongo ni uongo. Alinitazama huku anafuta sahani. "Mutu anakimbia chakula ya ndugu yake, iko na maneno. Watu beko wanaona, fundi. Mie minaona, na mie niko mupita njia."

Watu walikuwa wameona kweli. Bwera si mji wa kuficha mdomo. Jirani aliyekwenda sokoni kununua chumvi alinikuta na kijiko mkononi, akapanda na habari, na habari ikafika nyumbani imeshavaa nguo nyingine: mdogo wake anaogopa mkono wake. Tangu mume afe, anaogopa. Mnajua yule mume alikufa ghafla.

Sikujua hayo nilipofika Jumamosi ile. Mpwa wangu alikuwa amekuja likizo. Dada alinipokea kwa adabu nyingi mno, nami ningetambua kitu hapo hapo, kwa sababu dada yangu hana adabu na mimi. Huwa ananiuliza nani amenikata nywele kama mwizi. Safari hii alinipa kiti chenye kitambaa, kiti cha wageni, akaenda jikoni. Akaleta maji. Akaleta bundu limepanda kama kichuguu, sombe, yale majani ya muhogo, iliyopikwa kwa mafuta ya mawese, na samaki wa kukaushwa. Akaketi mkekani mbele yangu. Akamega tonge, akachovya, akameza. Akamega la pili, akameza. Akamega la tatu, upande ule mwingine wa sahani, akachukua na kipande cha samaki, akatafuna polepole huku ananitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Nionje wapi tena?" aliniuliza. "Niambie. Nitaonja hapo."

"Mama!" mpwa wangu alisema.

"Nyamaza wewe. Nilimtafunia huyu viazi kinywani mwangu nikamtia mwake, hana hata jino. Leo anakula kwa watu wa turubai." Akanigeukia. "Kama unadhani nilimuua mume wangu, sema hapa ndani. Usiseme kwa kukimbia."

Nilikuwa na maneno mengi ya uongo tayari, niliyapanga njiani. Niliyaacha. Nikafungua kamba za kiatu. Nikavua soksi, ambayo ilikuwa imeshika kwenye kitambaa, nikavuta kitambaa, na harufu ikajaza sebule. Dada yangu hakuziba pua. Aliinama akaushika mguu kwa mikono yake yenye bundu, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango kama anavyogeuza kuku wa kununua.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kahawa."

"Ni sukari," mpwa wangu alisema. "Akimaliza sahani kama hii, watamkata mguu. Ndiyo maana anakimbia, mama. Hakukimbii wewe."

Dada aliuweka mguu chini polepole. Nje mtu alikuwa anafukuza mbuzi. Nikanawa mikono, nikanyoosha mkono kwenye sahani, nikamega pale pale alipomega yeye, tonge dogo kama lake, nikalichovya kwenye sombe nikalimeza. Ilikuwa ladha ya Kilembe, moja kwa moja. Mate yalijaa mdomoni na mkono ukataka kurudi, niliuona unataka. Nikaisukuma sahani katikati ya mkeka, kati yake na binti yake, nikaweka mikono juu ya magoti.

Aliitazama sahani, akanitazama mimi.

"Mgeni ndiye anayemaliza," alisema taratibu, kama mtu anayekumbuka sheria aliyoisahau. "Anayeonja na kuacha ni mwenye nyumba."

"Ndiyo, dada."

"Basi toka kwenye kiti hicho. Hicho ni cha wageni."

Nikashuka mkekani. Akamwambia binti yake alete lile beseni la kuogea na maji ya chumvi ya uvuguvugu. Kisha akanigeukia kwa sauti yake ya kawaida, ile niliyokuwa nimeikosa.

"Na mwenye nyumba haendi Katunguru kesho. Nani amekukata nywele hizo? Unafanana na mwizi."

Nilikaa. Sikuwa nimekaa mahali pamoja muda mrefu hivyo tangu shule. Kidole hakikupona, kilikuwa kimechelewa, na tabibu yule mchovu alikikata kama alivyokuwa ameonya. Mguu ulibaki. Cherehani sasa zinaletwa kwa dada, watu wanazipandisha kwa bodaboda, nami nazitengeneza barazani, na nikisikia lori linabadilisha gia kwenye kilima cha kuelekea mpakani, mwili wote unainuka bila mimi.

Mpwa wangu alifaulu somo lake. Aliniuliza ni nadharia gani niliyoiona ya kweli, nikamwambia bado nachunguza. Kazi ikiisha na sindano ikipanda na kushuka, mkono wangu bado unatafuta soda. Na kila chakula kikiiva, dada anaita kutoka jikoni, hata kama ni maharage tu na tumo wawili ndani ya nyumba:

"Njoo uonje."

Naenda. Naonja. Halafu nawatazama wanaokula, na hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya.